Jinsi ya kuchagua tunda lililoiva dukani

Wiki iliyopita mdogo wangu alinunua maparachichi manne, matatu akayatupa. Nilirudi naye dukani, na haya ndiyo niliyomwonyesha.

Hatua ya 1: Tofautisha kukomaa na kuiva. Embe, papai, ndizi na parachichi vikichumwa vimekomaa huendelea kuiva nyumbani. Nanasi, tikiti maji, chungwa na zabibu haviongezi utamu vikishachumwa, kwa hiyo chukua vilivyo tayari. Embe lililochumwa changa litanywea tu, utamu hauji.

Hatua ya 2: Pima kwa mkono. Kati ya machungwa mawili yanayolingana, chukua lililo zito. Tikiti maji ligeuze: doa pale lilipolalia udongo liwe la njano iliyokolea. Likiwa jeupe, liache. Kuligonga na kusikiliza mlio sikuamini.

Hatua ya 3: Nusa. Nanasi kwenye kitako, embe kwenye kikonyo. Wekundu wa embe usikudanganye. Tazama kama mabega, yaani sehemu zinazozunguka kikonyo, yamejaa.

Hatua ya 4: Parachichi. Hapa nami nilihangaika miaka. Parachichi haliivi mtini, hulainika baada ya kuchumwa, hivyo jiulize kwanza utalila lini. Usilibinye kwa ncha za vidole: kila anayebinya huacha jeraha, na baadaye nyama inakuwa nyeusi hapohapo. Lilaze kiganjani, kunja vidole taratibu. Likikubali kidogo karibu na kikonyo, ni la leo. Likiwa gumu kote, ni la siku kadhaa mbele. Likibonyea na lisirudi, liache. Wengine hung'oa kikonyo waone kama chini yake ni kijani au kahawia. Nawaomba msifanye hivyo dukani. Pale palipong'olewa hukauka na kuwa kahawia, basi anayekuja nyuma yako huliacha tunda zima akidhani limeoza. Rangi ya ganda nayo hutegemea aina: Hass likiiva hukaribia weusi, Fuerte hubaki kijani. Mdogo wangu alikuwa na Fuerte, akingoja yawe meusi. Yalioza mezani yakiwa kijani.

Hatua ya 5: Nyumbani, vundika yaliyo magumu kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu; gesi yake ya ethilini huyaharakisha. Mfuko wa plastiki siutumii, hutoa jasho na kuleta ukungu. Friji ni kwa parachichi lililokwisha kuiva tu.