Kumsifu na kumtania mtu kwa Kikantoni bila kujiharibia

Anza na neno moja: leng, yaani zuri. Ongeza zai, kijana wa kiume, upate leng zai. Ongeza neoi, mwanamke, upate leng neoi, mrembo. Pale Sham Shui Po, Hong Kong, wauza mboga huniita leng zai hata siku nimeamka na uso umevimba. Usivimbe kichwa, ni kama kuitwa "bosi": anataka ununue. Nawe mrudishie. Mama wa miaka sitini ukimwita leng neoi, anacheka na kukutilia vitunguu vya majani vya bure.

Kazi iko kwenye sauti. Leng ya sifa ni ya kati, tambarare. Kwa Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini na namba ya kuonyesha sauti, ni leng3. Ukiipandisha juu ikawa leng1 zai2, umemwita mtu kitoto kisicho na lolote. Mimi nilimtamkia hivyo fundi simu mwenye umri wa baba yangu. Wenzake walicheka hadi wakashika meza, yeye hakucheka. Kwa hiyo jizoeze: leng isipande wala isishuke, kisha zai ipande kama vile unauliza.

Baada ya hapo ni kuunganisha tu. Fei ni mnene, gou mrefu, ai mfupi. Lou ni mwanaume mtu mzima, basi gou lou ni jamaa mrefu. Mvaa miwani ni sei ngaan zai, "macho manne". Unene hutajwa waziwazi huko, na mtu anaweza kuitwa fei zai na rafiki zake miaka nenda rudi bila ugomvi. Ila po, la mwanamke mtu mzima, usiliguse: fei po ni tusi. Na zyu paa, "chopsi ya nguruwe", huambiwa mwanamke anayeonekana hana sura. Lijue ulitambue, lisitoke kinywani mwako.

Ninayoyapenda ni ya picha. Aliyekonda ni paai gwat, mbavu. Mfupi mnene ni ai dung gwaa; dung gwaa ni aina ya boga kubwa la kijani. Na mwenye upara utosini, nywele zikiwa zimebaki pembeni kama nchi za pwani, ana dei zung hoi: Bahari ya Mediterania. Hilo nalitumia kwa kichwa changu mwenyewe tu. Kinyozi wangu anasema bado ni ziwa.