Jinsi ya kuunda roboti nyoka anayepanda bomba, kwa machalii wa projekti ya mwaka wa mwisho

Wadau, hasa nyie machalii wa R, yani Arusha, mnaohangaika na projekti ya mwisho, nyoka anayepanda bomba anawezekana kabisa kwa vifaa vya kawaida. Wazo lenyewe la kitambo, Profesa Shigeo Hirose wa Japani alishatembeza roboti nyoka 1972, baadaye chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani wakamfikisha wa kwao juu ya mti. Wengi wanakimbilia programu kwanza, mi nasema programu ije mwishoni, maana kinachompandisha nyoka ni kubana na ngozi ya mpira.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla hujanunua kitu
Tafuta bomba la PVC la milimita 160. Mwili ukiwa mnene milimita 55, nyoka anazunguka duara la kipenyo cha 215, yani mzunguko wa kama 675. Vipande 16 vya milimita 65 vinakupa urefu wa 1040, kwa hiyo anajizungusha mara moja na nusu, hapo anabana vizuri. Bomba la 110 lipo kila duka ila achana nalo, kwa vipande vya urefu huo kila kiungo kitataka digrii 90 ambazo ndo mwisho wa sevo (mota ndogo inayokunja kiungo), hubaki na kitu cha kubania. Kwenye la 160 ni kama 69 tu.

Hatua ya 2: mwili
Sevo MG996R inafaa, gia za chuma, gramu 55, nguvu ya kukunja kama kilo-sentimita 11 ukiipa volti 6. Kipande kizima kisizidi gramu 90. Kiungo kimoja kunyanyua vipande 4 vilivyonyooka kinataka kama kilo-sentimita 4.7, vipande 6 vinataka 10.5 na hapo sevo iko ukingoni, kwa hiyo kila gramu unayopunguza ina maana. Mabano kakateni kwa mafundi wa madirisha ya alumini, mabaki yao yanatosha, au mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha kama mnataka kukunjiwa vizuri. Kiungo kimoja kikunje juu na chini, kinachofuata kulia na kushoto, hivyo hivyo mpaka mkiani.

Hatua ya 3: ngozi
Tyubu ya baiskeli, ikate, ivishe kila kipande pande zote maana nyoka atajiviringisha, kila upande utagusa bomba. Ioshe na sabuni utoe ule unga wa ndani. Na asubuhi za mwezi wa 7 hapa Arusha bomba likiwa nje linalowa umande, lifute kwanza.

Hatua ya 4: umeme
Hapa ndo projekti nyingi zinafia. Sevo moja ikikwama inavuta kama ampea 2.5, zote 16 ni 40, sasa hizo usizipitishe kwenye bodi ya PCA9685 (ile inayotuma ishara kwa sevo), vinjia vyake ni vyembamba. Bodi itoe ishara tu, moto upite waya mnene moja kwa moja kwenye sevo, ila hasi zote ziungane pamoja na ya Arduino, ile bodi inayobeba programu. Tumia betri, sio adapta ya ukutani, maana umeme ukikatika nyoka analegea na kudondoka. Tandika godoro chini hata hivyo.

Hatua ya 5: programu
Viungo vya juu-chini vipe wimbi la sine, vya kulia-kushoto vipe kosine, ukubwa mmoja, anza na digrii 69 panda mpaka 75 ili abane. Kila kiungo kichelewe mwenzake kama digrii 6, hiyo ndo inafanya duara liwe springi. Muda ukienda kila kipande kinajiviringisha kama tairi kwenye bomba na nyoka anapanda, geuza alama ya kasi (jumlisha iwe kutoa) anashuka. Kabla ya yote laza nyoka mezani, agiza viungo vya aina moja digrii 20, akunje C moja, kiungo kitakachokwenda kinyume badilisha alama yake.

Hatua ya 6: kumpandisha
Mzungushie kwenye bomba kwa mkono kwanza, kasi ndogo. Nguzo za umeme za mtaani msiziguse kabisa, kuna kifo pale. Na angalieni waya wa mkiani unaoleta umeme, kwa mita moja nyoka anajiviringisha kama mara 6 na waya unasokotwa hivyo hivyo, acheni urefu wa ziada, mshusheni kabla haujakaza ndo apande tena.