Somo: Vazi la tumbawe linalopauka mbele ya watazamaji

Somo hili ni la vikundi vinavyotaka kuigiza maisha ya mwamba wa matumbawe kwa vazi la kufuma. Miamba hiyo haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ilhali takriban robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea. Inastahili vazi lenye kisa cha kweli.

Hatua ya 1: Kielewe kisa

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake unaopitisha mwanga huishi mwani mdogo sana, unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto la maji likizidi kilele cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi hivi, likadumu wiki kadhaa, mnyama huutoa mwani ule na mifupa yake ya chokaa ikaonekana nyeupe. Amepauka, ana njaa, ila yu hai. Maji yakipoa mapema aweza kupona. Nawasihi msigeuze weupe kuwa kifo papo hapo: mtamnyima mtazamaji sababu ya kujali.

Hatua ya 2: Fuma msingi mweupe

Tumia uzi wa pamba na sindano ya krosheti. Anza na mnyororo wa vitanzi 20, kisha fuma mara mbili ndani ya kila kitanzi: mstari wa kwanza 40, wa pili 80, wa tatu 160, wa nne 320. Kitambaa hukosa pa kulala bapa, kikajikunja mawimbi mawimbi. Ukitaka mikunjo ya upole, ongeza kwenye kila kitanzi cha tatu tu. Mwanahisabati Daina Taimina ndiye aliyefuma maumbo haya mwaka 1997, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2005 pacha Margaret na Christine Wertheim wakaanza kufuma miamba mizima kwa njia hiyo, na maelfu ya watu wakajiunga nao.

Hatua ya 3: Pachika mwani

Hapa ndipo pa kutuliza mkono. Kata vipande vya nguo chakavu, kahawia, kijani na manjano, uvipige bandi juu ya msingi kwa uzi wenye utelezi, mishono mirefu ya upana wa kidole. Mwanzo wa uzi funga ushanga wa kushikia. Mwisho usipige fundo kabisa. Ukivuta ushanga, uzi wote hutoka na vipande hudondoka. Uzi mmoja ubebe vipande vichache tu, la sivyo utakwama katikati ya onyesho.

Hatua ya 4: Shonea kwenye fulana

Uzito uende mabegani na kiunoni, mikono ibaki huru.

Hatua ya 5: Onyesho

Anzeni gizani, mikono imekunjuliwa, kwani matumbawe mengi hutoa minyiri usiku kutafuta chakula. Mwamba wenye afya una kelele: kamba wadogo hufyatua makucha bila kukoma. Wenzenu wagonge vijiti, kisha wapunguze mmoja mmoja shanga zinapovutwa. Weupe ukishaenea, mchezaji asianguke. Aendelee kupumua, taratibu, watu wamwone.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina uzi mwingi wa akriliki nyumbani. Niutupe?*
Usiutupe, utumie. Ila usinunue mwingine: akriliki ni plastiki, na kila ikifuliwa huachia nyuzinyuzi zinazoweza kufika baharini. Vazi lake lipunge hewa badala ya kufuliwa.

*Tunaweza kupamba kwa vipande vya tumbawe halisi?*
Hapana. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Makombe pia yaacheni ufukweni. Kuna kaa wanaohamia humo.

*Watoto wanaweza kuvuta shanga wenyewe?*
Wanaweza, tena wafanye wao. Wafungieni shanga kubwa, na mfanye mazoezi kwanza kwa kitambaa kidogo. Vipande vilivyodondoka vikusanyeni, mvipige bandi upya kwa onyesho linalofuata.