Mkono usitangulie jicho: namna ya kushika leva za injini ya turbopropu ukiwa hewani

Vijana wengi ninaowapokea kwenye kiti cha kulia cha Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria yenye injini moja, wametoka chuo wakiwa na saa zao zote kwenye ndege ndogo za pistoni. Kuruka wanajua. Kinachowasumbua ni ile safu ya leva katikati ya viti, na mazoea ya kuzishika kwa mkono mwepesi. Kwenye pistoni ndogo ukisukuma trotoli vibaya injini inakohoa, unairudisha, safari inaendelea. Turbopropu, yaani injini ya turbaini inayozungusha propela, haina msamaha wa namna hiyo. Ninawaandikia wanaoingia kwenye PT6, injini ya turbopropu ya Caravan, kwa mara ya kwanza, na wale walioizoea mpaka wakaacha kuitazama. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukiona kinasema tofauti na mimi, kifuate hicho.

Anza kwa kujua unashika nini. Kwenye Caravan, kutoka kushoto kwenda kulia, kuna leva ya nguvu ya dharura, leva ya nguvu, leva ya propela, kisha leva ya kondisheni, ambayo ndiyo inayofungua na kufunga mafuta. Kulia kwake, palepale, ipo leva ya flapu, zile bamba za nyuma ya bawa zinazoshushwa ndege iruke polepole. Nikimpata rubani mpya namkalisha ndani ya ndege ikiwa imezimwa, afumbe macho, ninamtajia leva na yeye anaigusa. Vichwa vya leva vimepewa maumbo tofauti kwa sababu hii hii, na kidole kinaweza kujifunza. Lakini nikishamaliza zoezi hilo namwambia kwamba hewani haruhusiwi kulitegemea. Kidole kitafute, jicho lithibitishe, ndipo leva isogee.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba ndani ya PT6 hakuna shafti moja inayounganisha sehemu inayochoma mafuta na propela. Turbaini moja inazungusha kompresa, nyingine inazungusha propela, na kati yao kuna hewa ya moto tu. Kwa hiyo injini inaweza kuwa inaunguruma vizuri huku propela haivuti kitu. Propela yenyewe inashikiliwa na shinikizo la oili: oili ikiingia, mapanga yanalala kwenye pembe ndogo ya kuvuta kwa kasi, oili ikitoka, springi na vizito vinayageuza mpaka yakate hewa kwa ubavu mwembamba, kama kisu kinavyopita kwenye ndizi mbivu. Hali hiyo ya mwisho tunaiita feza. Propela iliyofezwa inakusaidia injini ikifa, kwa sababu haiburuti. Propela iliyofezwa wakati injini ni nzima na uko futi mia chache juu ya ardhi ni msiba.

Na huu si msiba wa kufikirika. Tarehe 15 Januari 2023, ATR 72 ya Yeti Airlines, ndege ya abiria ya turbopropu mbili, ilikuwa inakaribia kutua Pokhara, Nepal, asubuhi yenye hali nzuri ya hewa. Rubani anayeendesha aliomba flapu 30. Uchunguzi wa Nepal ulionyesha kwamba mwenzake, badala ya leva ya flapu, alishika leva za kondisheni za injini zote mbili na kuzirudisha kwenye feza. Leva hizo, ambazo kwenye ATR ndizo zinazofeza propela pia, zimekaa jirani na flapu, kama ilivyo kwenye Caravan yetu. Injini ziliendelea kuzunguka, toki, yaani nguvu ya kusokota inayofika kwenye propela, ikashuka hadi sifuri. Walisukuma leva za nguvu mbele, pakawa hakuna jibu. Watu wote 72 walikufa. Waliokaa mbele hawakuwa wanafunzi.

Kwa sababu hiyo, sheria yangu kwenye flapu ni kali kuliko kwenye leva nyingine yoyote. Ukiombwa flapu, tazama leva, weka mkono, tazama mwendo kasi kama unaruhusu, sogeza, kisha usiondoe macho mpaka kionyeshi cha flapu kimeanza kutembea. Ndipo utamke "flapu 10" au "flapu 20". Kutamka kabla kionyeshi hakijatembea ni kutoa taarifa ya nia yako, na mwenzako hahitaji nia yako. Ukiruka peke yako, kama wengi wanavyofanya kwenye Caravan, tamka kwa sauti vilevile. Abiria wa kiti cha mbele akikushangaa, mwache ashangae.

Sasa niseme juu ya beta, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Nyuma ya aido, yaani nyuma ya pale injini inapozunguka bila kuvuta, leva ya nguvu ina eneo jingine, ndilo tunaloliita beta. Ukiivuta huko haidhibiti mafuta peke yake. Inaanza kugeuza mapanga ya propela moja kwa moja, kwanza yawe bapa, kisha yasukume hewa mbele. Ardhini ni zawadi kubwa: unasimama kwenye kiwanja kifupi cha changarawe bila kuchoma breki. Hewani, kama kitabu cha ndege yako hakikuruhusu waziwazi, ni marufuku. Kitabu cha Caravan kinakataza. Propela iliyolala bapa inageuka ukuta mbele ya ndege, hewa inayopita kwenye mkia inavurugika, ndege inazama, na upepo unaweza kuizungusha propela kupita kikomo chake.

Nimewasikia watu wakijisifu kwamba wanatumia "beta kidogo" kushuka haraka wanapokuta wako juu mno karibu na kiwanja. Naelewa inavyotokea. Unakuja Kogatende, kiwanja cha Serengeti, nyumbu wamevuka njia, umezunguka, sasa uko juu na abiria wanasubiri. Dawa ya kuwa juu mno ni flapu mapema, kupunguza mwendo mapema, au kuzunguka tena. Mzunguko mmoja unakula dakika chache za mafuta, na hiyo ndiyo bei yake yote.

Wanaodai beta hewani haina madhara wasome yaliyotokea Papua New Guinea tarehe 13 Oktoba 2011. Dash 8 ya Airlines PNG, nayo turbopropu ya injini mbili, ilikuwa inashuka kuelekea Madang. Leva za nguvu zilivutwa nyuma ya kizuizi cha aido ya angani, propela zote mbili zikazunguka kupita kiasi, injini zikaharibika, ndege ikabaki haina nguvu hata kidogo. Walikuwemo watu 32, 28 walikufa. Miaka tisa kabla yake, tarehe 6 Novemba 2002, Fokker 50 ya Luxair ilianguka karibu na Luxembourg baada ya leva kuingia eneo hilohilo hewani. Kati ya watu 22, walipona wawili. Katika ajali hiyo ya Luxair kulikuwa na kizuizi cha pili cha umeme kilichopaswa kuzuia, na kwa hitilafu ya mfumo kikafunguka pale magurudumu yaliposhushwa. Kwa hiyo usiniambie "kuna kizuizi". Kizuizi kipo kwa ajili ya siku ambayo mkono wako umekosea. Hakikuwekwa ukiegemee kila siku.

Kitu cha kufanya ni hiki: ukiwa hewani vidole vyako viwe mbali na kile kinachofungua kizuizi, iwe ni kifyatulio chini ya kichwa cha leva au ni kuinyanyua leva yenyewe. Shika leva kwa kiganja kutoka juu, uivute mpaka igote kwenye aido, basi. Kifungue pale tu magurudumu makuu yamegusa ardhi na umehakikisha ndege imekaa, haijaruka tena.

Juu ya nguvu yenyewe. PT6A-114A ya Caravan imepewa nguvu farasi 675, na mipaka unayoiangalia ni mitatu: toki isizidi futi-pauni 1,865 propela ikiwa mizunguko 1,900, joto la kati ya turbaini, ambalo wote tunaliita ITT, lisizidi nyuzi 805 wakati wa kupaa, na mzunguko wa kompresa usizidi asilimia 101.6. Usitafute kikomo kimoja ukasahau viwili. Ukipaa Zanzibar, usawa wa bahari, toki ndiyo inayokufikia kwanza. Ukipaa kwenye viwanja vya Serengeti saa nane mchana, hewa ni nyepesi na ya moto, na ITT inaweza kufika kabla toki haijafika. Anayesukuma leva huku macho yako kwenye toki tu anaiunguza injini bila kujua.

Sogeza polepole. Ukianza mbio za kupaa acha nafasi kidogo kwenye toki, kwa sababu kadiri ndege inavyokimbia hewa inaingizwa kwa nguvu zaidi na toki inapanda yenyewe bila wewe kugusa. Ukishuka kutoka juu pia inapanda, leva ikiwa palepale. Rubani aliyeweka toki yake futi 10,000 kisha akashuka akiwa anatazama simba atakuta sindano iko mahali ambapo hakuiweka.

Kuna mpangilio mmoja ambao wengi wanaukosea: unapotaka kupunguza mizunguko ya propela, punguza nguvu kwanza, halafu ndipo urudishe leva ya propela. Nguvu ileile ikipita kwenye mizunguko michache inageuka kuwa toki kubwa zaidi. Kuongeza ni kinyume chake: propela kwanza, nguvu baadaye.

Wakati wa kuja kutua usikate nguvu hadi aido ukiwa mbali na kiwanja. Injini ya namna hii inachukua sekunde kadhaa kuamka, na wakati inaamka mapanga yaliyolala yanakuburuta. Beba nguvu kidogo mpaka una uhakika wa kufika. Kondisheni iwe kwenye aido ya juu kabla ya kutua, kama cheklisti inavyosema, ili injini isianzie mbali ukihitaji kurudi juu. Na kaza kile kirungu cha msuguano pembeni ya leva kabla ya kupaa, leva ya nguvu isije ikateleza kurudi nyuma mkono wako ukiwa kwenye kitu kingine.

Ile leva ya nguvu ya dharura iache. Kazi yake ni moja: kipimio cha mafuta, kile kifaa kinachopima mafuta yanayoingia kwenye injini, kimeharibika, injini imeshuka hadi aido na leva ya kawaida haijibiwi. Inapita kando ya ulinzi wote wa kipimio na kupeleka mafuta moja kwa moja. Ukilazimika kuitumia, isogeze milimita kwa milimita macho yako yakiwa kwenye ITT. Waya mwembamba wa shaba ulioifunga ukiukuta umekatika, usiwashe ndege. Muulize fundi kwanza.

Kizuia barafu na uchafu kwenye mlango wa hewa: ukikifungua toki inashuka na ITT inapanda, hilo ni la kawaida. Kabla ya kukirudisha, punguza nguvu, la sivyo toki itaruka juu kwa ghafla.

Ukihamia ndege ya injini mbili, ATR au Dash 8, sheria inakuwa nzito zaidi kwa sababu sasa kuna injini nzima unayoweza kuiua. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia ilipaa kutoka Songshan, Taipei. Propela ya injini namba mbili ilijifeza yenyewe. Kapteni akarudisha nguvu ya namba moja, iliyokuwa nzima, kisha ikazimwa. Walipogundua, urefu wa kuwashia tena haukuwepo. Walikufa 43 kati ya 58.

Injini moja ikifa, kwanza endesha ndege: pua, mwendo, uelekeo. Kampuni nyingi haziruhusu mkono kwenda kwenye leva za kuzima kabla ya futi 400 juu ya ardhi, na mimi sijawahi kuona sababu ya kuwa na haraka kuliko hapo. Kisha anayeendesha anaweka mkono juu ya leva bila kuisogeza na kutaja: "Leva ya nguvu, namba mbili." Mwenzake anatazama mkono, anatazama geji, halafu anajibu: "Namba mbili, sawa." Hapo ndipo inasogea, polepole, na wote wawili wanaangalia kama ndege imebadilika. Kama uliyoivuta ilikuwa imekufa kweli, hakuna kitakachobadilika. Ndege ikiyumba au ikipoteza mvuto, irudishe hapohapo. Rubani msaidizi anayeona mkono wa kapteni umeenda kwenye leva isiyo yake, kisha akasema "Shikamoo kapteni, nadhani...", amechelewa. Sema "Simama!" Heshima ya umri tutaimalizia chini.

Hilo linanileta kwenye sheria ninayowataka muishike hata mkisahau namba zote: kitu chochote kikibadilika mara baada ya kugusa leva, rudi kwenye leva uliyoigusa kabla ya kutafuta sababu nyingine. Kule Pokhara leva za kondisheni zilibaki kwenye feza mpaka mwisho.

Na ukivuka kikomo, hata kwa sekunde mbili, kiandike kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege: ITT ilifika ngapi, kwa sekunde ngapi, wakati gani wa safari. Fundi anahitaji namba hizo kuamua kama injini ifunguliwe sehemu ya moto ikaguliwe au irudi kazini. Mwite kabla hujashuka na begi lako, mwonyeshe geji, mwachie ndege mikononi mwake.