Kufunga betri ya lithiamu kwenye gari la kulala, hasa kama unapanda Kitulo

Huu ni mfumo wa volti 12, iwe kwenye Hiace iliyowekwa vitanda au karavani ya kuvuta. Nimetoka kumfungia mteja hapa Mbeya anayepeleka wageni hifadhi za Ruaha na Kitulo, nikaona niandike.

1. Betri. Chukua LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) yenye BMS, ile saketi ya ndani inayokata umeme mambo yakienda kombo. Betri za kuungaunga kwa seli za kompyuta kuukuu sizifungi kwenye gari analolala mtu, hata mteja akilia.

2. Mahali. Ndani ya gari, sakafuni, mbali na jiko la gesi. Ifunge kwa mabano ya chuma na bolti, si mpira wa baiskeli.

3. Fyuzi. Kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kwa sababu kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80. Mimi naweka waya wa milimita za mraba 35 na fyuzi ya ampea 125. Hakikisha fyuzi imeandikwa uwezo wa kukata maelfu ya ampea, maana lithiamu ikipiga shoti haina mchezo.

4. Altaneta. Hii ndiyo inayozalisha umeme injini ikizunguka. Usiiunge na betri moja kwa moja, weka katikati chaja ya DC-DC, inayodhibiti ampea zinazoingia kwenye betri. Lithiamu inanyonya kila ampea inayopewa, na kwenye zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba, gari likiwa gia ya kwanza, altaneta inapata moto na inaweza hata kuungua.

5. Baridi. Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na alfajiri za Juni na Julai sakitu inaanguka. Mteja wangu alipiga simu akiwa kule: taa zinawaka, friji inafanya kazi, lakini sola haiingizi hata ampea moja. Nikamwelekeza kwa simu apime fyuzi moja moja, akafungua kontrola (kidhibiti cha chaji ya sola), akairudishia. Saa nne jua lilipokolea, betri ikaanza kupokea yenyewe. Hakukuwa na kibovu chochote. BMS ilikuwa inazuia chaji.

Betri hii ikiwa chini ya nyuzi 0 inatoa umeme vizuri tu, ila haitakiwi kuchajiwa. Ukilazimisha, lithiamu inaganda kama chuma juu ya elektrodi (bamba la ndani ya seli) badala ya kuingia ndani. Uwezo unapungua na haurudi, na seli inaweza kupiga shoti kwa ndani. Kwa hiyo soma karatasi ya betri kabla ya kulipa, kwani baadhi ya za bei chee hazina kinga hiyo. Kontrola ikiruhusu, ipange isichaji chini ya nyuzi 5. Kinachohesabika ni joto la seli, si la hewa: nje unaweza kuvua koti na betri bado ya baridi. Zima pia ule mpangilio wa betri za asidi unaopandisha volti wakati wa baridi; mimi naacha volti 14.4, basi. Na atakayekushauri uingize jiko la mkaa kuipasha betri, mkatalie. Hewa ya mkaa inaua waliolala.

6. Jaribio. Washa pasi ndogo kwenye inveta dakika kumi, kisha pitisha mkono juu ya ganda la waya karibu na kila kiungio. Penye moto kuliko pengine, zima, kaza nati, rudia.