Somo: Kutoa kompyuta za ofisi Windows 10 kwenda Windows 11 bila kugombana na mhasibu

Habari wadau. Ofisi kibao bado ziko Windows 10 na ukiuliza unaambiwa "mbona inawaka tu fresh", kweli inawaka, ila apdeti za bure za usalama zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, yani tundu likigundulika leo halizibwi. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela? Dawa yake ilishatoka tangu Machi mwaka huohuo, waliolizwa ni wale hawakuapdeti au walikuwa na Windows iliyokwisha muda.

Mimi nilikuwa na mashine 14, twende nilivyofanya, na nilipoharibu pia nasema.

1. Kagua kila mashine, usikisie. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver uone toleo. Prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, unaisoma kwenye jina lenyewe, i5-8500 ni cha 8, i5-6500 ni cha 6. AMD ni Ryzen 2000 kwenda mbele, ila si zote za 2000 zinakubalika. Zile desktop za mtumba nilizozikuta kwetu nyingi zilikwama hapahapa. RAM wanasema 4GB inatosha, thubutu, weka 8, na kama bado ina hard disk ya zamani (ile inayozunguka) funga SSD, diski ya kasi, kwanza. Hutaki hesabu, shusha PC Health Check, programu ya Microsoft, ikuambie.

2. TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Windows na R tena, andika tpm.msc. Ikisema haipo usikimbilie kuomba hela ya mashine mpya, ingia bayosi (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka) uiwashe, kwenye Intel inaitwa PTT na AMD inaitwa fTPM. Hapa ndo niliumbuka: nikagusa bayosi bila kusimamisha BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data za diski) kwanza, mashine ikarudi inadai ufunguo wa tarakimu 48 na ofisi nzima hakuna anayeujua, kumbe umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya jamaa aliyeacha kazi zamani. Siku nzima imeenda kumtafuta, bahati yangu simu yake inapatikana. Kwahiyo tafuta ufunguo, uandike, simamisha BitLocker, ndo uguse bayosi.

3. Kama diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR utahitaji kuigeuza mtindo mpya wa GPT, amri ni mbr2gpt, anza na /validate ikikubali ndo /convert (ukiwa ndani ya Windows ongeza /allowFullOS kwenye zote mbili). Ikimaliza hamia UEFI (njia mpya ya mashine kuwaka) kule bayosi na uwashe Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka.

4. Bekapu kwenye diski ya nje, na UIFUNGUE kwenye mashine nyingine uone mafaili yapo. Watu wanaweka kila kitu Desktop, usiisahau.

5. Apgredi yenyewe ndo rahisi. Tengeneza flashi ya 8GB kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft, itumie kwa zote, usishushe mara 14 bando likakata. Chomeka Windows ikiwa inawaka, fungua setup, chagua kubakiza mafaili na programu. Laptop iwe kwenye chaji, desktop kwenye UPS, Tanesco hana taarifa na ratiba yako. Anza na mashine ya mtu asiye na presha, kaa nayo wiki, mhasibu awe wa mwisho na isiwe mwisho wa mwezi. Ikizingua una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, kwahiyo printa na mfumo wa hesabu vijaribiwe mapema.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu zangu zote i5 kizazi cha 6, hakuna njia ya kuruka huo ukaguzi?
Jibu: Ipo, nyumbani nimeifanya, ofisini siifanyi, Microsoft hawakuhakikishii apdeti na kesi itakuwa yako. Kuna apdeti za kulipia za kubaki Windows 10, kwa biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza na bei inajizidisha mara mbili kila mwaka hadi miaka 3. Mashine ya kufungua brauza tu nilitia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, dada wa mapokezi hajalalamika.

Mdau wa Arusha: Leseni tunanunua upya?
Jibu: Hapana, kama Windows 10 ni halali, Pro inakuwa Pro. Kama fundi wenu "aliaktiveti" kiujanja, hiyo muulize yeye.

Mama wa stationery: Kaka nimemaliza vizuri ila skana haitumi tena faili kwenye folda ya kompyuta.
Jibu: Dada hiyo ni 24H2, toleo la Windows 11, imekaza mambo ya kushea folda, mgeni asiye na paswedi haingii. Tengeneza yuza mwenye paswedi kwenye kompyuta, jina na paswedi hizohizo ziweke kwenye skana. Ikigoma bado basi skana ni ya zamani, iambie itume kwa imeli au flashi, usirudi kulegeza ulinzi wa ofisi nzima kwa ajili yake.

Mdau: Mfumo wetu unafunguka Internet Explorer tu
Jibu: Edge ina modi ya IE (Internet Explorer), iwashe kwenye Settings, wameahidi kuitunza angalau hadi 2029.

Mdau wa Mwanza: Na mhasibu wako alikubali lini?
Jibu: Bado. Yake ndo ya 14.