Kugandisha Mtindi Wenye Bakteria Rafiki Nyumbani

Mwanza, ambako kikundi cha akina mama kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus, mtindi wa nyumbani ni njia nafuu ya kulipatia tumbo bakteria rafiki. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yatokote, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuambukiza brusela na kifua kikuu. Kisha yaache yapoe mpaka tone moja, likidondoshwa kwenye kiganja, lihisike vuguvugu bila kuunguza, yaani nyuzi joto 40 hadi 45. Tafadhali usiharakishe hapa, kwani maziwa ya moto huua bakteria wenyewe. Koroga ndani yake vijiko viwili vya mtindi mpya wenye bakteria hai, funika, zungushia kitenge kizito, na usiyatikise kwa saa nane hivi.

Mtindi huu humfaa hata anayesumbuliwa na maziwa ya kawaida, maana bakteria huvunja sehemu ya sukari ya maziwa. Ukipenda kuutia kwenye uji, subiri uji upoe. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu sana amwone daktari kwanza.